Mjadala: Mtoto akishindikana, ni haki mzazi kuagiza achukuliwe usiku?

Mama K., Umoja
Naombeni maoni, hata ya kuniuma. Kijana wangu ana miaka 17, kidato cha tatu. Ametumwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya bangi. Usiku halali, mchana hatoki chumbani, na simu ya babake ameshaiuza. Mama mmoja kanisani akanieleza kuhusu kituo upande wa Kitengela kinachonyoosha vijana: elfu arobaini na tano kwa mwezi, miezi mitatu, na wenyewe ndio wanakuja kumchukua. Wanaume wawili, saa kumi alfajiri, kijana akiwa usingizini asipate nafasi ya kuruka ukuta. Wamepangiwa Jumamosi. Babake anasema tumechelewa hata hivyo. Mimi kinachonikwama kooni ni hiyo saa kumi. Tangu lini matibabu yakaja kama wezi?

Mzee wa Kariobangi
Waache waje. Wangu alibebwa hivyo hivyo 2019, akanitukana miezi miwili. Leo ni fundi wa stima na ana mtoto. Kijana wa bangi haombwi ruhusa. Ndugu yangu tulimbembeleza, tukambembeleza, tukamzika Lang'ata.

Wakili Bila Koti
Kifungu cha 53 cha Katiba: mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi, na atengwe na watu wazima. Miaka 17 bado ni mtoto, mzee.

Mzee wa Kariobangi
Hiyo waliwaandikia polisi. Mimi ni mzazi, si OCS wa kuongoza kituo cha polisi.

Yusuf, Eastleigh
Mimi nilikuwa huyo kijana. Nimezaliwa Uingereza. Nikiwa na miaka 16 niliambiwa tunakuja Nairobi likizo kumsalimu nyanya. Wiki ya pili pasipoti yangu "ikapotea", na siku moja nikajikuta kwenye jengo lenye vyuma madirishani. Wasomali tunaita dhaqan celis, yaani kurudishwa kwenye utamaduni. Mle ndani kulikuwa na wavuta bangi, kulikuwa na aliyepigana shuleni, na mmoja sikuwahi kujua kosa lake zaidi ya hereni. Kulikuwa pia na mmoja aliyekuwa akisikia sauti. Sote dawa ilikuwa moja: kisomo, kiboko, na ukijaribu kutoroka, mnyororo. Kurani haina kosa, niliipenda na naipenda. Lakini yule wa sauti alihitaji daktari, na kwa muda wote niliokaa hakuja daktari hata mmoja.

Ustadi niliotoka nao ni kusema "nimebadilika" bila kupepesa macho. Bangi niliivuta miaka minne zaidi. Mama yangu namsalimu Idi kwa Idi. Mzee, huenda wako alipona kweli, nakuombea iwe hivyo. Umeshamuuliza mambo ya mle ndani akakujibu?

Mzee wa Kariobangi
Hajawahi kutaka kuongea juu yake. Na mimi sijamlazimisha.

Mshauri wa Kasarani
Nafanya ushauri nasaha na familia za aina hii karibu kila wiki. Mama K., kilichonishtua si bangi. Ni kwamba halali na hatoki chumbani. Inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa kitu kingine, na hiyo bangi akawa anaitumia kujituliza. Apimwe kwanza. Mathari iko hapo Thika Road, ni hospitali ya serikali, na madaktari wa akili wapo. Rihabu ni ya uraibu, na si kila anayevuta ni mraibu. Wengine huja kwangu mara moja kwa wiki wakilala kwao, na shule hawaachi.

Tena watu mtaani huchanganya mambo. Apruvu, yaani shule za kurekebisha watoto za Kabete, Wamumu, Dagoretti na Kirigiti, na ile ya vijana ya miezi minne kule Kamiti, huko mtu hupelekwa kwa amri ya korti. Huwezi kuamka tu ukampeleka.

Ikifika kweli pa kutafuta kituo, leseni ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, uione kwa macho yako, usiambiwe "iko ofisini". Nenda siku ya kazi bila kupiga simu. Uliza masomo anafundishwa na nani, maana muhula mzima unapotea. Uliza analala na nani: huyu wa 17 atapangwa na mwanaume wa 40? Akitoka, nani atamfuatilia? Halafu uliza kama ataweza kukupigia simu pasipo mtu kusimama kando yake. Wakigoma hapo, mimi ningepanda matatu nirudi nyumbani.

Na hii ya kubebana usiku haikuanzia kwetu. Marekani ni biashara ya miaka mingi, watoto wakinyakuliwa kitandani kupelekwa shule za tiba Utah na kwingineko. Walipokua wakaanza kusema waliyotendewa, yule nyota wa televisheni Paris Hilton akiwa mmoja wao, na Desemba 2024 Rais Biden akatia sahihi sheria ya kuchunguza unyanyasaji kwenye vituo hivyo.

Shosh wa Dagoretti
Mpeleke ushago kwa nyanyake akachunge ng'ombe.

Mshauri wa Kasarani
Shosh, ng'ombe hawaandiki dawa 😀

Mama K., Umoja
Nilienda leo bila kuwaambia. Askari getini akasema wazazi ni Jumapili, ya mwisho wa mwezi. Nikamuuliza walimu wanakuja siku gani, akacheka, akaita mwenzake aje asikie. Leseni sikuiona, ofisi yenyewe sikuifikia.

Nimewapigia wale wanaume nikawaambia wasije Jumamosi. Deposti wanasema hairudi. Baba K. bado hajui, na hiyo pesa ilitoka kwa chama chake.

Mshauri, Mathari wanahitaji barua, au naenda naye tu? Nilipomtajia daktari hakukataa. Aliuliza kama nitaingia naye ndani.