Tupeane uzoefu: mpambano gani wa kimataifa ulikufanya uione michezo kwa jicho jingine?

Habari zenu wadau. Uzi huu sio wa kubishana nani bora wa muda wote, huko huwa tunaishia kugombana bure. Nataka kila mtu aje na mpambano mmoja tu wa kimataifa, uwe wa zamani au wa juzi, aseme ulimgusaje na yeye mwenyewe alikuwa nani wakati huo, mkimbiaji, kocha, mtazamaji, vyovyote vile.

Naanza mimi. Fainali ya mita 800 wanaume, London 2012. Nilikuwa nakimbia 800 enzi za ujana na yeyote aliyewahi kuikimbia anajua ikifika mita ya 550 hivi miguu inakuwa sio yako tena, mapaja yanajaa, mabega yanapanda hadi masikioni, unataka kupumua hewa haitoshi, na bado una mita 250 mbele. Sasa David Rudisha akachukua mbele mapema kabisa, na kumbuka Olimpiki hamna mtu wa kuvuta kasi kama kwenye mbio za Diamond League, zile za kila msimu za kulipwa, kila hatua ni nguvu yako mwenyewe. Raundi ya kwanza kapita na 49.28, nikasema huyu atakufa kwenye kona ya mwisho, hakufa. 1:40.91, rekodi ya dunia.

Ila kilichonibadilisha mimi ni wale saba waliokuwa nyuma yake. Nijel Amos wa Botswana, miaka 18, wa pili kwa 1:41.73, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi yake. Timothy Kitum wa tatu, naye bado kijana mdogo. Halafu angalieni wa mwisho kabisa, wa nane, Andrew Osagie, kamaliza 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Beijing 2008, Athens 2004 na Sydney 2000! Wa mwisho! Toka siku hiyo naamini mtu mmoja akikimbia kwa ukweli anawanyanyua wote walioko uwanjani, na ndo maana nataka tuzungumzie mipambano, sio mtu mmoja mmoja. Karibuni.

Mdau wa 2

Mimi nakupeleka mbali zaidi, Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Sikuwa nimezaliwa. Hii mbio nimeirithi kwa mzee wangu, yeye alikuwa mtu wa riadha haswa na kila akikaa na watu lazima Filbert Bayi wa Tanzania atajwe. Baadae nikaja kuiona mtandaoni nikaelewa kwanini mzee alikuwa haachi.

Bayi anaondoka bunduki ikilia tu, anaachia pengo la mita nyingi, watu wazima wenye akili zao wako nyuma wanasubiri achoke kwasababu mita 1500 ya fainali siku zile watu walikuwa wanaviziana mpaka raundi ya mwisho. John Walker wa New Zealand, kijana wa nyumbani, uwanja mzima unampigia kelele, anakuja, anakuja, kwenye ile mita 100 ya mwisho unaona kabisa anamfikia, na Bayi anaongeza tena! 3:32.16 rekodi ya dunia, Walker 3:32.52, yaani hata aliyeshindwa kapita rekodi ya zamani ya Jim Ryun iliyokaa tangu 1967. Wa tatu Ben Jipcho.

Mwaka uliofuata wakaanza kunyang'anyana rekodi ya maili. Mwezi wa tano 1975 Bayi kaichukua kwa 3:51.0 kule Kingston, mwezi wa nane huohuo mwaka Walker kaichukua kwa 3:49.4, binadamu wa kwanza chini ya 3:50. Kila mtu anasubiri Montreal 1976, wakutane.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki, kamati ikakataa, nchi zaidi ya 20 zikasusia, Tanzania ikiwemo. Walker akashinda dhahabu kwa 3:39.17. Mzee wangu alikuwa anaunga mkono ule mgomo kwa moyo wote na aliumia kwa moyo wote, vitu vyote viwili kwa wakati mmoja, na mimi nilijifunza kwake kwamba inawezekana.

Mdau wa 3

Mdau wa 2 umenigusa. Kwenye mgomo huohuo msimsahau John Akii-Bua wa Uganda maana naye ndo hakupata nafasi ya kutetea taji lake la viunzi mita 400.

Mimi nilikuwa naruka viunzi mita 400 na kuna kitu watazamaji wengi hawakijui kuhusu leni ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Kona yake ni kali kuliko zote, mwili unavutwa nje wakati wewe unatakiwa uingie ndani, ukishatoka kwenye mwendo wako hatua kati ya kiunzi na kiunzi zinavurugika, unafika kiunzini na mguu usio wako. Afu kwa kuwa mnaanza kwa kupishana unawaona wote saba wako mbele yako, kichwani unajiona umeshaachwa kabla hujakimbia. Nilikuwa nikipangiwa leni ya kwanza nanyong'onyea hata kabla ya kupasha.

Kocha wangu akanikalisha akanionyesha Munich 1972. Akii-Bua, leni ya kwanza, David Hemery bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya 48.12 yuko humo humo na katoka kwa kasi ya ajabu. Akii-Bua anatulia, anamla mmoja mmoja, kutoka kwenye kona ya mwisho yuko mbele. 47.82! Mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48, dhahabu ya kwanza ya Uganda, kutoka leni ambayo mimi nilikuwa naililia. Ralph Mann wa pili 48.51, Hemery wa tatu 48.52. Baada ya hapo akazunguka uwanja anarukaruka kwa furaha kama ndo kwanza anaanza.

Sikuja kuwa bingwa wa popote ila sikulalamikia leni tena.

Mdau wa 4

Dada zangu mko wapi, au huu uzi ni wa wanaume tu.

Barcelona 1992, mita 10,000 wanawake. Derartu Tulu wa Ethiopia na Elana Meyer wa Afrika Kusini, nchi ambayo ndo ilikuwa inarudi Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1960. Meyer anavuta mbele raundi baada ya raundi, Tulu kamkalia mgongoni, hataki kupita, hataki kuachwa. Raundi ya mwisho Tulu anaondoka na hakuna wa kumjibu. Akawa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Halafu badala ya kuondoka zake akamsubiri Meyer pale kwenye mstari, wakakumbatiana, wakazunguka uwanja pamoja wameshikana mikono, mweusi na mzungu, wakati ubaguzi ulikuwa hata haujafutika vizuri kule.

Nililia. Na ninalia kwasababu nyingine pia. Shule niliyosoma tuliambiwa wasichana mwisho mita 400, zaidi ya hapo "mtaharibu miili". Nilikuja kusoma baadae kumbe hilo neno lina historia: Amsterdam 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza Olimpiki, Lina Radke wa Ujerumani akashinda, magazeti yakaandika wakimbiaji walianguka hoi wakaonekana dhaifu, mbio ikafutwa mpaka 1960. Miaka 32! Marathoni ya wanawake ndo kabisa, ikaja 1984 Los Angeles, Joan Benoit akashinda. Wanaume walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki tangu 1896. Hebu fikirieni ni mabibi wangapi walikuwa na kipaji na hawakuwahi kukijua.

Binti yangu sasa anakimbia mita 3000 na hakuna anayemwambia kitu. Mtu wake ni Faith Kipyegon, dhahabu tatu mfululizo za mita 1500, Rio, Tokyo, Paris, katikati hapo kajifungua na karudi.

Mdau wa 5

Fupi tu. Sydney 2000, mita 10,000, Haile Gebrselassie wa Ethiopia 27:18.20, Paul Tergat wa Kenya 27:18.29. Raundi 25 tofauti sekunde 0.09, hata fainali ya mita 100 wanaume mwaka huo pengo lilikuwa kubwa zaidi. Mimi ni Tergat damu. Nimekuwa wa pili maisha yangu yote ya klabu nyuma ya rafiki yangu mmoja, kila mazoezi, kila shindano, na Tergat alikuwa wa pili kwa Haile Atlanta 1996, wa pili mashindano ya dunia 1997, wa pili 1999, na bado Sydney akajitokeza akamshambulia kwanza yeye. Baadae akahamia marathoni, Berlin 2003 akaweka rekodi ya dunia 2:04:55. Na nani kaja kuivunja 2007? Haile. Hapo nilizima tivii.

Mdau wa 6

Nipingane kidogo na Mdau wa 2, japo najua hukusema wazi. Nimeshasikia watu wengi wanasema dhahabu ya Walker haina uzito. Mimi ni kocha na hilo siwezi kulikubali. Mwanariadha hachagui nani aje, anakimbia na waliopo, na fainali ya kuviziana ni ngumu kwa namna yake, unaweza kuwa mwepesi kuliko wote ukajikuta umefungiwa ndani hutoki.

Mwanzisha uzi

Mdau wa 6 nakubaliana na wewe kuhusu Walker, alishinda kihalali na aheshimiwe. Lakini niambie kama kocha, ungependa kuwa na dhahabu ile, au ungependa kuwa kwenye ile 3:32.52 ya Christchurch ukashindwa? Mimi nachagua Christchurch bila kufikiria mara mbili.

Tumekimbia sana, watu wa kurusha na kuruka mbona kimya? Kuna mtu yeyote hapa ameshika mkuki kwa ajili ya Julius Yego? Yule kajifunza kwa kuangalia video za YouTube halafu Beijing 2015 akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Njooni mseme.