Majani ya mapukutiko New Hampshire: tarehe zimeshafungwa, nilale wapi na nianzie wapi?

MachoManne
Wakuu salaam. Nitakuwa Boston mwanzoni mwa Oktoba na ruhusa ya kazini ni tarehe 3 hadi 6 tu, haisogei. Nataka kupanda New Hampshire, jimbo la kaskazini mwa Boston, na gari ya kukodi kupiga picha majani ya mapukutiko (majira miti inapogeuka njano na nyekundu kabla ya kudondosha majani) yakiwa yamekolea, hasa barabara ya milimani ya Kancamagus. Nina kamera ya sensa ndogo, lenzi mbili (pana ya mm 18-55 na ya kuvuta mbali ya mm 55-250) na tripodi (stendi ya miguu mitatu) nyepesi. Kinachonichanganya ni ramani za utabiri wa rangi: moja inasema kilele ni tarehe 1, nyingine tarehe 12. Niamini ipi? Na kuna kifaa cha kuongeza bila kuumiza mfuko?

Chanikiwiti
Mkuu, hizo ramani hazigombani. Rangi inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na kutoka juu ya mlima kwenda bondeni. Pittsburg kule mpakani na Kanada hukolea wiki ya mwisho ya Septemba, milima ya White Mountains siku kumi za mwanzo za Oktoba au zaidi kidogo, eneo la maziwa katikati ya mwezi, na pwani ya Portsmouth wiki ya tatu.

Sasa itazame Kancamagus yenyewe. Inaanzia Lincoln, kama mita 250 juu ya bahari, inapanda hadi mita 870, halafu inateremka hadi Conway kwenye mita 140 hivi. Yote hayo ndani ya kilomita 55. Siku hiyohiyo unaweza kukuta juu majani yameanza kudondoka na Conway nusu bado kijani. Kwa hiyo ukishafungwa tarehe, acha kuhangaika na kalenda, hangaika na mwinuko.

Lala Lincoln au North Woodstock. Mchana wa kwanza pita barabara nzima bila hata kufungua tripodi, uangalie ni kipande gani kimeiva. Juu pakiwa pamepukutika, kazi yako iko upande wa Conway. Ukikuta bado kijani, pandisha kaskazini kupitia Franconia Notch (njia ya bondeni kati ya milima), hata ukilazimika kufika Pittsburg. Chumba chukua chenye ruhusa ya kughairi.

Kuhusu kwa nini miaka haifanani: mchana kufupika ndiko kunakoanzisha mambo, na huko hakubadiliki. Njano ilikuwemo ndani ya jani siku zote, inaonekana kijani kikishavunjika. Nyekundu inatengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ndiyo maana inataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Ukame mkali unakausha kingo za majani na kuyaangusha mapema, na usiku mmoja wa upepo na mvua unaweza kuumaliza msitu uliokuwa umekolea jana yake. Siku tatu za mwisho utabiri wa upepo una faida kuliko ramani yoyote ya rangi.

(Kwa waliozoea miombo ya Tanzania: ule wekundu wa kabla ya mvua ni majani machanga yanayochipua. Huku ni majani yanayokufa, hivyo hayakusubiri.)

BintiMakunduchi
Naongezea kwa Chanikiwiti. Tarehe zako zimekaa vizuri kwa sababu zinatangulia wikendi ya sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba. Wikendi ile foleni ya magari ya watalii inaanza asubuhi, na vyumba vinapanda bei.

Mwanzoni mwa Oktoba jua huko linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama kama saa 12:20 jioni. Kwenye Kancamagus, kituo cha kutazamia mandhari cha C.L. Graham Wangan kinatazama mashariki, hicho ni cha alfajiri. Kile cha Pemi, upande wa Lincoln karibu na kileleni, kinatazama magharibi, kiweke jioni. Watu wengi huvipanga kinyume, halafu wanalalamika kwamba mlima umetoka mweusi.

Artist's Bluff, juu ya ziwa Echo pale Franconia Notch, ni mwendo mfupi lakini wa mawe. Maegesho yake hujaa kabla ya jua siku za wikendi, kwa hiyo ipe siku ya kazi. Saa za mchana jua likiwa kali, ingia msituni na mtoni: Sabbaday Falls, Rocky Gorge, daraja lenye paa la Albany. Mkikuta mawingu mazito, ndiyo siku nzuri kuliko zote kwa maporomoko. Usiingize anga ndani ya fremu, litatoka jeupe kama shuka na kuua rangi yote. Ukihitaji mlima unaojiakisi majini na rangi ya juu imeshapita, nenda ziwa Chocorua kando ya barabara namba 16, alfajiri kabla upepo haujaamka.

Jaza mafuta Lincoln au Conway, katikati hakuna kituo. Mtandao wa simu nao unapotea, pakua ramani mapema. Na beba noti ndogo: baadhi ya maegesho ya msitu wa taifa yanalipiwa dola 5 kwa siku, unaweka kwenye bahasha na kuidumbukiza mwenyewe.

FundiLenzi
Kifaa cha kuongeza ni kimoja: filta ya polaraiza ya duara. Jani lina ngozi inayong'aa, na ule mng'ao mweupe ndio unaofunika rangi, hasa likiwa limelowa. Tazama mbele ya lenzi, namba iliyo karibu na alama ya duara lililokatwa na mstari (58, 52 n.k.) ndiyo saizi ya kununua. Izungushe huku ukiangalia jani moja mpaka mng'ao uondoke. Inakula mwanga wa stopu 1 hadi 2 (kila stopu ni mwanga kupungua nusu), na kwa anga inafanya kazi zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Kwenye 18mm punguza: anga litatoka limekoza upande mmoja na kupauka mwingine, na doa hilo halitoki kirahisi kwenye kompyuta.

Piga RAW (faili ghafi ya kamera, isiyochakatwa). Waiti balansi (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga) iweke kwenye jua (karibu 5200K), kwa sababu ile ya otomatiki inaona uchungwa mwingi na kuupoza. Kosa kubwa zaidi ni kuunguza nyekundu. Histogramu ya mwanga (grafu ya kamera, giza kushoto na mwangaza kulia) inaweza kuonyesha salama huku mstari mwekundu umeshagonga ukuta wa kulia, na ukikuza picha jani linaonekana bapa, mishipa haipo. Washa histogramu ya rangi tatu na ushushe ekspoja (kiasi cha mwanga wa picha) theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu.

Majani ya karibu yenye upepo kidogo yanataka kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, pandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) bila aibu. Maporomoko: ISO 100, f/11 (tundu dogo la lenzi), nusu sekunde hadi sekunde 1, tripodi. Majani ya pembeni yakitikisika, piga ya pili kwa 1/250 uziunganishe baadaye.

Na hiyo 55-250 usiiache garini. Milima ya mbali ukiivuta kwenye 150 hadi 200 ndipo mabaka ya rangi yanabanana vizuri, miti ya mepo (maple) nyekundu katikati ya misonobari. Lenzi pana mara nyingi inakupa lami nyingi na rangi kidogo.

MachoManne
Shukrani sana wakuu. Mbili za mwisho: ikinyesha manyunyu siku zote nne je? Na mwenzangu anapiga kwa simu, kuna la kumfaa?

FundiLenzi
Manyunyu bila upepo ni neema, magome yanakuwa meusi na majani yanakoza. Kofia wazi ya kukinga lenzi (hudi), mfuko wa plastiki uliotobolewa na kufungwa kwa mpira, vitambaa viwili, kimoja kikae kikavu mfukoni. Ukirudi garini usiiache kamera mbele ya hita, itatoa jasho kwenye kioo: iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, baridi inazimaliza haraka.

Wa simu avue miwani ya jua ya polaraiza, aishike mbele ya lenzi na kuizungusha. Agonge jani linalong'aa zaidi kwenye skrini, kisha avute mwanga chini kidogo.

BintiMakunduchi
Na jioni endesheni polepole. Moose (wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu) wanavuka barabara gizani, na rangi yao haionekani mpaka umeshawafikia.