Butoni nyekundu mu chumba cha serveri, ikate nini na nini?

Fundi_Himbi (Goma)
Bandugu, kazini tuko na kachumba ka serveri, mita 3 kwa 3, urefu juu mita 2.5, ondulere moja kubwa (ile ya batri, inalisha serveri kuranti ikipotea), grupe (jenereta) iko inje. Juzi ralonji nyuma ya serveri ikaanza kunuka plastiki, nikakimbia kukata kwa tablo (kisanduku cha kukatia umeme) nikajua imeisha, kumbe ondulere inaendelea kulisha ule waya, moshi unatoka tu, halafu grupe nayo ikajiwasha juu imeona kuranti imepotea! Nilitetemeka kweli. Sasa bosi anataka butoni ya kukata vyote. Mlangoni tuko na mtungi wa unga wa kuzima moto tu. Nianzie wapi?

Kadutu07 (Bukavu)
Pole sana yaya. Ondulere haijui kama umekata juu ya moto, kwake ni kuranti ya SNEL (kampuni ya umeme) imepotea tu, inaleta ya batri. Angalia nyuma yake, nyingi kubwa ziko na sehemu imeandikwa EPO (kukata umeme kwa dharura), kutoka pale unavuta waya mpaka kwa butoni, na butoni hiyo hiyo ikate ya tablo na ikataze grupe kuwaka. Ikishabonyezwa isijirudishe, mtu airudishe kwa mkono. Ile unga itoe mule, inazima ndiyo lakini inaingia mu vantilatere na kwa kadi, ikipata unyevu inakula shaba. Weka CO2.

Kampemba_tech (Lubumbashi)
CO2 sawa, lakini mu kachumba kadogo vile muangalie sana. Mtungi wa kilo 5 unatoa gesi karibu mita kubiki 3, chumba chenu kiko na 22 na kitu, ukimwaga yote umepita asilimia 10, na kwa hewa ya vile mtu anazimia kwa dakika chache tu. Simama mlangoni, nyunyiza, toka, funga, usirudi mpaka hewa ipite. Na butoni iwe na kifuniko! Kampuni moja nilikofanya kazi waliiweka karibu na ile ya kufungua mlango, mama wa usafi akabonyeza akitafuta kutoka, serveri zote zikaanguka, tulitafuta data ya mishahara siku mbili. Sikumlaumu hata kidogo, kosa ni la ule aliyeiweka pale.

Fundi_Himbi
Na ile gesi ya kuzima moto, ya kujimwaga yenyewe?

Kadutu07
FM-200 ni nzuri, asilimia 7 ao 8 ya hewa inatosha, inatoka yote kwa sekunde 10. Ila chumba kishike gesi dakika 10 hivi, kwa hiyo matundu ya kebo uyazibe na klimatizere (AC) izimike. Na kuranti ikatwe, la sivyo gesi ikiisha waya wa moto unawasha upya. Strasbourg, Machi 2021, kwa OVH (kampuni ya serveri), moto uliwaka, wazima moto walichukua karibu saa tatu mpaka umeme ukatwe, hakukuwa na mahali pamoja pa kukatia vyote, jengo zima la serveri likaisha.

Fundi_Himbi
Saa tatu!! Aksanti sana. Mtungi wa unga nautoa leo leo naupeleka kwa grupe inje, kesho nafungua nyuma ya ondulere.