Naomba ushauri: mpiga kura asiyemwamini jirani yake aahidiwe nini?

Mleta uzi (Nakuru)

Wanajukwaa, hamjambo. Kuna jambo limenisumbua kwa wiki kadhaa na ningependa kusikia maoni yenu. Sitataja wadi wala chama cha siasa, kwa sababu sikuja hapa kumtafutia mtu kura.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika mtaa mmoja pembezoni mwa mji. Jirani yangu anakusudia kugombea uwakilishi wadi mwezi Agosti 2027, naye ameniomba nimsaidie kuandika ahadi zake. Ahadi kuu ni tangi la maji la pamoja, litakalojengwa kwa fedha za kaunti na kuendeshwa kwa mchango mdogo wa kila nyumba. Nilipopita nyumba kwa nyumba kuuliza maoni, nilitarajia watu wabishane juu ya kiasi cha mchango. Hawakubishana juu ya mchango hata kidogo. Karibu kila mlango niliobisha waliniuliza swali moja: ufunguo wa tangi atakaa nao nani?

Kilichonishangaza zaidi ni mama mboga mmoja na fundi wa pikipiki wanaoishi ploti moja. Kipato chao hakipishani sana, wote wawili hununua maji kwa jerikeni, na wote wawili wameichukia serikali kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata hivyo, mama anasema atampigia kura mtu wa tangi, kwa kuwa anaamini wenzake watachanga akichanga. Fundi anasema binadamu hawaaminiki, na kwamba mgombea bora ni yule atakayempa shilingi mia mbili mkononi, waachane salama. Shida ni ileile, ila kura zinakwenda njia mbili tofauti.

Nyumbani kwangu pia mambo si tofauti. Mama yangu alipoteza nyumba katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zile zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Tangu hapo humpigia kura mtu wa kwetu tu, na hafanyi hivyo kwa kumpenda. Akiulizwa hujibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Je, nimshauri jirani yangu aachane na tangi, aahidi kitu ambacho kila mtu atapewa mkononi mwake? Au kuna namna ya kuzungumza na watu wa aina ya fundi na mama yangu?

Mswahili wa Lyon

Ndugu mleta uzi, ulichokiona katika ploti moja kimeonekana huku Ufaransa katika nchi nzima. Katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais wa 2017, Marine Le Pen wa mrengo mkali wa kulia alipata asilimia 21.3 na Jean-Luc Mélenchon wa mrengo wa kushoto asilimia 19.6. Wapiga kura wao walifanana kwa jambo kubwa moja, nalo ni kutoridhika na maisha yao. Mchumi Yann Algan na wenzake walipochambua majibu ya wapiga kura, walikuta kwamba kilichowatenganisha ni imani yao kwa watu wengine. Asiyeridhika lakini akawa bado anawaamini watu alielekea kwa Mélenchon, aliyeahidi kuwatoza matajiri na kugawa kwa wote. Asiyeridhika na asiyemwamini mtu alielekea kwa Le Pen.

Hata miongoni mwa walioridhika na maisha mgawanyiko huo ulikuwapo: wenye imani kwa watu walikwenda zaidi kwa Emmanuel Macron, na wasio nayo kwa François Fillon, mgombea wa kihafidhina. Lakini la kuzingatia katika suala lako ni kwamba maskini asiyemwamini mtu hawi shabiki wa mgao wa serikali, ingawa yeye mwenyewe angenufaika. Anahisi kwamba mgao huo utaliwa na wajanja, na kwamba kodi yake itamlisha mvivu asiyemjua. Fundi wako hajakataa maji. Amekataa kuchanga pamoja na watu anaodhani hawatachanga.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Mwanangu, nakubaliana na ndugu wa Lyon, lakini nakuonya usilichukue neno "binadamu hawaaminiki" kama lilivyo. Katika utafiti wa kimataifa wa World Values Survey watu huulizwa kama wanaona watu wengi wanaaminika, au kwamba mtu hana budi kuwa mwangalifu sana. Norway na Sweden zaidi ya nusu hujibu kwamba watu wanaaminika. Sisi Tanzania tulipoulizwa mwaka 2001, waliojibu hivyo hawakufika mmoja kati ya kumi. Mtu wa mbali akisoma takwimu hizo atadhani hatuwezi hata kuchimba kisima pamoja.

Sasa tazama upande wa pili. Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alilinganisha Busia ya kwenu Kenya na Meatu ya kwetu, akachapisha matokeo yake mwaka 2004. Upande wa Kenya, mahali penye mchanganyiko mkubwa wa makabila michango ya shule ilipungua. Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu. Yeye alitaja sera za kujenga taifa: Kiswahili, mtaala wa shule, kuondolewa kwa utawala wa machifu. Mimi nilifundisha miaka hiyo, na ninaongeza kwamba kwetu kumtilia binadamu shaka ni sehemu ya malezi. Mtoto hufundishwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha kesho yake hutumwa kwa jirani kuomba chumvi. Kwa hiyo usimuulize fundi kama anawaamini watu. Muulize mara ya mwisho alichangia nini, pamoja na nani.

Jambo jingine: katika utafiti wa Afrobarometer wa 2001, Watanzania walikuwa miongoni mwa Waafrika waliomwamini sana rais wao. Mtu anaweza kumtilia shaka jirani na wakati huohuo akamwamini mkubwa aliye mbali. Kura ya mtu wa namna hiyo humtafuta mlezi, haimtafuti mshirika, na mgombea wako ajue hilo kabla hajasimama jukwaani kuwaambia watu kwamba "tutashirikiana".

Mpinga hoja, Eldoret

Naomba kutofautiana nanyi, kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba fundi ana ugonjwa moyoni. Mtu huyo huenda ameahidiwa tangi mwaka 2013, akaahidiwa tena 2017 na 2022, na bado ananunua maji kwa jerikeni. Shilingi mia mbili ni unga wa leo. Mkono mtupu haulambwi, nasi hatuna haki ya kumwita mwenye shaka mtu asiye na imani ilhali kumbukumbu yake iko sawasawa.

Halafu kuna hili la kuweka mambo wazi, ambalo najua mtalitaja. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Bado makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na wako watu ambao hadi leo hawakubali. Kwa hiyo usidhani kwamba ubao wa hesabu ukutani utambadilisha mama yako.

Mweka hazina wa chama, Kongowea

Kaka wa Eldoret, fomu hizo hazikumaliza ubishi, ni kweli, lakini ziliubadilisha. Badala ya kusema tu "wameiba", mtu alilazimika kuonyesha kituo na fomu. Mimi nauona mwaka ule tofauti na unavyouona wewe.

Turudi kwenye ufunguo, kwa sababu naona mmeuruka na ndio uliokuwa swali la watu. Chama chetu cha akina mama kiliwahi kuporwa na mweka hazina aliyenitangulia, aliyehama mji na fedha za mzunguko mzima. Tulipoanza upya hakuna aliyemwamini mwenzake, nami wakanichagua kwa shingo upande. Tulichofanya ni kununua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama yale ya vicoba, vikundi vya kuweka na kukopa vya Tanzania. Funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wasio na undugu, na sanduku linakaa kwa mwanamke wa nne asiye na ufunguo. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Hatukusubiri kuaminiana ndipo tuanze. Tulianza tukiwa tunatazamana kwa jicho la pembeni, na wengine mpaka sasa wanatazamana hivyo hivyo, lakini michango inaingia kila Jumamosi.

Kwa hiyo mwambie jirani yako asiiondoe ahadi ya tangi, wala asiwahubirie watu upendo. Aeleze funguo ni ngapi, watakaokaa nazo watachaguliwaje na wataondolewaje, na msichana wa kuuza maji akikosea hesabu nini kitatokea. Ahadi bila maelezo hayo itamvuta mama mboga peke yake, na huyo tayari mnaye.

Mleta uzi

Nashukuru sana, Mwalimu, na ninyi nyote. Kaka wa Eldoret, nimekusikia: nimemwambia mgombea kwamba kabla ya kuahidi chochote arekebishe ule mfereji mmoja unaovuja tangu mwaka jana, kwa mchango wa watu kumi tu, na risiti zibandikwe kwenye duka la pale kona. Fundi nilimuuliza kama Mwalimu alivyonishauri. Kumbe yumo katika kikundi cha kuchangia mazishi na hajawahi kukosa mwezi.

Jana usiku nilimweleza mama habari za kufuli tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tangi ni wazo zuri, mradi ufunguo mmoja akae nao yeye. Sasa naomba ushauri wa pili: mimi ni katibu, yeye ni mama yangu. Nimpe?

Mweka hazina wa chama, Kongowea

Usimpe, mwanangu. Mama mkwe wangu aliomba ufunguo tukamnyima, akakaa mwezi mzima bila kunisalimia.