Naomba ushauri: gitaa la nyuzi sita kwa nyimbo za bendi za Korn na System of a Down

Wakuu, gitaa ni la nyuzi sita, urefu wa uzi inchi 25.5, daraja lisilosogea, nyuzi 10-46 (unene wa uzi mwembamba na mnene zaidi, kwa elfu za inchi). System of a Down hutyuni C-G-C-F-A-D, kuanzia uzi mnene. Uzi wa 46 ukishushwa toka E hadi C hupoteza zaidi ya theluthi ya mvuto: unagonga freti (vyuma vya shingoni), na ukipigwa kwa nguvu noti inapanda kidogo kabla ya kutulia. Kuongeza disto (mkwaruzo wa sauti) hakusaidii, kunazidisha matope ya sauti tu.

Nafikiria seti ya 12-60. Mfereji wa uzi wa sita kule juu ya shingo utapanuliwa kwa tupa bila kuuongeza kina, kisha nikague shingo na kurekebisha urefu wa kila uzi darajani, noti ya freti ya 12 ilingane.

Kigugumizi ni Korn. Wao hutumia nyuzi saba, A-D-G-C-F-A-D. Nikiacha ule mwembamba, A-D-G-C-F-A inatosha riff (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) nyingi, ila 60 kwenye A bado italegea. Je, niweke 68 na kulitenga gitaa hili kwa Korn pekee, au ninunue la nyuzi saba? Waliofunga 68 kwenye inchi 25.5, noti za juu zinakaa sawa?