Watu wa Koko (bibi yetu): Kabare na Bukavu

Tantine Riziki: Furaha, uko wapi? Toka asubuhi tunangoja picha. Kile kitenge ulivaa?

Furaha: Jambo yenu wote. Niko Kampala, ndani ya ukumbi. Nitapita mbele kueleza utafiti wangu wa migomba saa nane za huku, kwenu saa saba. Dakika kumi tu pamoja na maswali. Kitenge nimevaa.

Tonton Deo: Dakika kumi!! Na muda ule wote ulikuwa unakata majani ya migomba ya watu?

Furaha: Ni vile, Tonton. Wakubwa wanapewa saa nzima, sisi wanafunzi tunapewa kengele 😅

Yaya Bahati: Niko hapa na Koko, anataka kujua unaenda kuwaambia nini.

Furaha: Kwamba migomba yetu ya milimani, ya kupika na ya kasiksi (pombe ya ndizi), karibu yote imetoka kwa mama mmoja. Ina seti tatu za kromosomu, zile nyuzi za urithi, kila seti 11, jumla 33. Tatu haigawanyiki sawa kwa mbili, ndiyo maana karibu haitoi mbegu. Wazee walikuwa wanachimba chipukizi na kupeana, basi. Mwaka 2016 watafiti walionyesha hivyo kwa migomba ya Afrika Mashariki. Mimi nimepima ya Kabare na Walungu, naona vilevile.

Yaya Bahati: Koko amekasirika. Naandika anavyosema: "Nani alimdanganya huyu mtoto? Ya kasiksi inakausha mdomo, ya kupika haikaushi. Hata usiku bila taa nitakuchagulia. Mama mmoja wapi?"

Tonton Deo: 😂😂 Koko ameshinda. Kengele!

Furaha: Koko hakosei. Chipukizi huweza kubadilika kidogo sana kwenye DNA, ladha ikabadilika, ila ukoo ukabaki uleule. Mimi nimesoma vipande vichache tu vya hiyo DNA. Ile ladha labda iko pale sikusoma.

Tonton Deo: Sawa, lakini inatusaidia nini? Shamba la Katana linaisha na ule mnyauko. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani ni kahawia.

Furaha: Shida ni hiyohiyo, Tonton. Kama yote ni ukoo mmoja, bakteria wakiupata mgomba mmoja, wa pembeni nao hauna kinga. Kuna mgomba wa porini wa Asia, Musa balbisiana, huo unastahimili. Lakini kuuzalisha na wetu ni kazi ya miaka, kwa sababu wetu ni karibu tasa.

Mama Furaha: Muwache mtoto apumue jameni. Furaha, umekula?

Furaha: Bado mama. Nitakula nikimaliza.

*Saa nane na robo, Bukavu*

Furaha: Nimepita!! Kengele ililia nikiwa kwenye slaidi ya mwisho. Profesa mmoja wa mstari wa mbele akauliza: kama ukoo ni mmoja, mbona wakulima wanaitofautisha kwa mdomo? Nikamjibu hata koko wangu ameniuliza hivyo leo, ukumbi ukacheka. Halafu nikasema vipande nilivyosoma havitoshi, inatakiwa jenomu nzima, yaani DNA yote. Ya ndizi ilisomwa mara ya kwanza 2012, kwa hiyo tuna pa kulinganishia.

Yaya Bahati: Koko anasema huyo profesa ni mtu wa maana, aje Kabare anywe kasiksi. Na wewe ukirudi usikate majani yake bila kuomba.

Tonton Deo: Hongera mwanangu. Sasa mimi wa Katana nifanye nini? Hiyo jenomu siwezi kuingoja.

Furaha: Chane la mwisho likitoka tu, vunja lile ua dume kwa kijiti chenye panda. Usilikate kwa panga. Wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Mgomba ulioshikwa ukate chini kabisa. Na panga lipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Tantine Riziki: Picha ya kitenge je?

Yaya Bahati: Tonton, Koko anauliza: panga ulilokuwa unatumia Katana ni lile uliazima kwake?

Tonton Deo: Ndilo. Nilimrudishia jana. Niliosha na maji.

Furaha: Bahati, washa moto. Leo mtu asikate hata jani moja hapo kwa Koko.

Yaya Bahati: Ameshatoka nalo. Nakimbia.