Tupeane uzoefu: Magnum usiku kucha baharini, na walichotufundisha wazazi

Wakuu, salaam. Jana nimerudia kipindi kimoja cha tamthilia ya televisheni ya Magnum, P.I., kile cha kufungua msimu wa nne, mwaka 1983, kiitwacho Home from the Sea. Machozi yamenitoka tena.

Kwa waliosahau: Thomas Magnum, yule mpelelezi binafsi wa Hawaii aliyechezwa na Tom Selleck, humo hana kesi wala mteja. Ni tarehe 4 Julai, siku ambayo kila mwaka hujitenga na watu. Yuko peke yake baharini na kichombo chake cha kasia, boti ya kasi inapita, anapinduka, mkondo unamchukua. Basi. Mtu na maji, anapiga miguu mpaka kesho yake. Katikati tunamwona akiwa mtoto, baba yake mwanajeshi wa majini ameshika saa, anamhesabia muda wa kukaa juu ya maji. Baba huyo alifia vita vya Korea. Huku nchi kavu rafiki zake Higgins, Rick na T.C. kila mmoja ana shughuli zake, na kila mmoja moyo unamwambia kuna jambo. Wanaacha yote, wanakwenda kumtafuta.

Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Alinifundishia Bagamoyo, maji yakijaa, kaniwekea kidole kimoja tu chini ya kidevu: "Usipigane na maji, yatakuchosha." Mwaka 2009 ngalawa ilitupindukia usiku. Nilining'inia kwenye dumu kwa muda wa karibu saa mbili, na wallahi kidole kile nilikihisi kidevuni. Mzee alishafariki.

Nani mwingine ana la mzazi lililomfaa siku mzazi hayupo?

Mama Pacha: Pole kaka. Langu si la bahari. Mama alikuwa muuguzi, alitufundisha sote, hata wavulana, mtoto mchanga akipaliwa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega. Mwaka jana mjukuu wa jirani, miezi tisa, alipaliwa na kipande cha embe. Watu wanapiga kelele, wengine wanataka kumtia kidole mdomoni. Nikampokonya. Pigo la nne embe likatoka, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mwana wa Askari: Mimi baba alikwenda Vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, hakurudi. Nilikuwa na miaka mitano. Sina alichonifundisha, nina mkanda wake wa kiunoni tu. Pale mwisho, Magnum anapomwambia marehemu baba yake kwamba yeye amefika, kisha anamuuliza mbona yeye hakufika, nilizima televisheni nikatoka nje.

Mleta uzi: Ndugu yangu, mkanda huo unauvaa?

Mwana wa Askari: Siku ya harusi yangu niliuvaa. Ulinienea tundu lile lile alilokuwa akifungia yeye.